Betri Iliyomshusha Bibi Harusi

Gari langu la kwanza, na nionavyo ndilo la mwisho, lina injini inayojiamulia mambo yake. Nalisema hilo mapema kwa sababu wapo watu hapa Kolwezi wanaoshikilia kwamba siku ya harusi ya mdogo wangu nililizima kwa makusudi, na wapo wanaosema shangazi yangu alilinuizia maneno. Waongo wote. Lilimalizika lenyewe, taratibu, sisi tukiwa ndani tumependeza, limesimama mbele ya lango la wakwe bila kwenda popote.

Ni gari la haibridi, yale yanayotumia petroli na umeme. Lilizeekea Japani, likaja kwa meli hadi Dar es Salaam, likavuka mpaka pale Kasumbalesa, likanifikia na usukani upande wa kulia na mama wa Kijapani anayesema ndani ya dashibodi. Sijawahi kumwelewa hata neno moja, ila tunaheshimiana. Likisimama hunyamaza kabisa, na betri kubwa iliyo nyuma ya viti ndiyo inayobeba kila kitu: klima ya kupuliza baridi, redio, taa. Betri ikipungua, injini huamka bila kuulizwa, hunguruma kidogo ikiijaza, kisha hulala tena. Siku nilipolifikisha nyumbani nilishuka kufungua lango, nikaliacha kimya. Lilipoamka bila mtu ndani, jirani yangu alimwita mchungaji kwanza, mimi baadaye.

Mimi ni karani wa mizani ya malori kwenye njia ya kutokea migodini. Kazi yangu ni kupima shaba ya watu na kuwaambia madereva wangoje. Kwa hiyo kungojesha nakujua vizuri. Kungoja ndiko sikukujua, na siku ile nilifundishwa.

Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike, kule Mutshatsha. Mama yetu aliuza makala, makaa ya kupikia. Alikuwa akipakia magunia kwenye treni ya Kolwezi, nasi tukitoka shule tulimkuta stesheni amekaa juu ya gunia, mweusi mpaka kope. Alipougua ugonjwa wa mwisho, mdogo wangu alikuwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Mama akamwita shangazi, dada yake baba, akamwachia ombi moja. Mama mwenyewe alipoletwa kuolewa hakuna aliyetoka kumpokea; aliingia uani peke yake na kifurushi chake, akamkuta mama mkwe wake anatwanga sombe, majani ya muhogo, na yule bibi hakuinua hata kichwa.

“Mutoto yangu asiingie kwa batu vile,” alimwambia shangazi. “Mama mwenye nyumba atoke, amukamate mukono.”

Shangazi aliapa. Na yule bibi aliyekuwa anatwanga sombe, tafadhali kumbuka, alikuwa mama mzazi wa shangazi mwenyewe. Nadhani ndiyo maana alikiweka kiapo kile rohoni miaka yote, kama mtu anayelinda jeraha lisiguswe.

Sasa, huyu mama mkwe wa mdogo wangu. Ni mtu wa Sandoa, mfanyabiashara wa mahindi, mwenye nyumba ya ukuta mrefu na sauti ndefu kuliko ukuta. Tulipokwenda kujitambulisha mara ya kwanza alimtazama mdogo wangu juu mpaka chini, akageukia ndugu zake. “Mutoto ni muzuri,” akasema, “paka minasikia bado makala.” Yaani harufu ya makaa bado anayo. Watu wake wakacheka. Mimi pia, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo kwa adabu ya ugenini. Shangazi hakucheka. Aliimeza ile kauli nzima nzima, akasubiri siku yake.

Siku yake ilikuwa harusi. Kanisani mambo yalikwisha salama asubuhi, na bwana harusi akatangulia kwao, kwa maana kumfikisha bibi harusi nyumbani ni kazi ya ukoo wake mwenyewe. Na kwetu bibi harusi hashuki garini hivi hivi. Gari husimama mbele ya lango, mawifi hutoka wakiimba, humbembeleza, huleta hiki na kile, shangazi hukataa, huletwa kingine, watu hucheka, mwishowe mlango hufunguliwa. Ni mchezo, na kila mtu anajua utakavyoisha. Shangazi peke yake ndiye hakuja kucheza.

Tulikuwa watatu ndani. Mimi kwenye usukani, shangazi kando yangu na kilemba kilichogusa dari, mdogo wangu nyuma na gauni lililojaza kiti kizima. Ulikuwa Oktoba, mvua bado zimegoma, vumbi jekundu la malori limetanda hewani na jua linachoma mpaka mbwa wamehamia chini ya magari. Lakini ndani mwetu kulikuwa na klima. Shangazi, ambaye siku zote aliniambia kwamba kununua gari lile ni kutafuta magonjwa, alinyoosha mkono mbele ya tundu la hewa, akatabasamu.

“Hapa tunaweza ngoya mupaka Pasaka,” akasema.

Wifi mkubwa, dada yake bwana harusi, akaja akiimba na kitenge kipya. Shangazi akashusha dirisha kiasi cha kupitisha kitenge, akakipokea, akashukuru, akapandisha dirisha. Wifi akarudi na karanga kwenye beseni. Zikapokelewa. Akarudi na kuku mzima aliyefungwa miguu. Akapokelewa pia, akawekwa chini karibu na viatu vya bibi harusi, akatulia pale kwenye ubaridi kama aliyealikwa. Wifi sasa alikuwa anatiririka jasho, na nyimbo zimeanza kumwishia.

“Tantine, tukupe nini tena?” akauliza.

“Bintu minashukuru,” shangazi akajibu kwa upole. “Mi minaomba kitu moja tu. Mama yenu akuye hapa ye mwenyewe, afungue mulango, amukamate mutoto mukono.”

Wifi akaingia ndani na ule ujumbe. Lango lilikuwa wazi, kwa hiyo tulimwona vizuri mama mkwe, amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, viatu vya dhahabu miguuni. Tulimwona akisikiliza. Tukaona kichwa kikitikiswa. Na hatukuhitaji kungoja wifi arudi, maana ile sauti ndefu ilitufikia yenyewe kupitia kioo.

“Mi sitoke ku barabara! Ku nyumba yangu batu banaingia. Mi siendake kubaokota!”

Nikamtazama mdogo wangu kwenye kioo cha dereva. Alikuwa anatazama mikono yake. Nilitaka kushuka nikamwambie yule mama maneno ambayo huwaambia madereva wanaoingiza lori kwenye mizani bila zamu, lakini shangazi alinishika goti. “Tulia,” akasema. “Ye iko ku jua. Siye tuko ku baridi.”

Hapo ndipo injini ilipoamka. Kazi yake, betri ilikuwa imepungua. Lakini watu wa nje wangejuaje? Walisikia mngurumo, wakadhani tumekasirika tunaondoka na bibi harusi wao. Bwana harusi akatoka langoni mbio, tai imempanda begani, akasimama mbele ya gari na mikono ameitandaza. Injini ikalala. Akafuta uso, akaomba radhi kwa ishara, akarudi ndani. Baada ya muda injini ikaamka tena, naye akatoka tena mbio, safari hii na mfupa wa kuku mkononi. Maskini, alikuwa hajala tangu asubuhi.

Shangazi hakufurahi. “Hii gari yako iko na woga,” akaniambia. “Kila saa inanguruma sawa mutu mwenye kutaka kukimbia. Banaona tunashindwa. Inyamazishe.”

Sasa, madereva wote wa malori ninaowajua, wakisimama kwenye foleni ya mizani, huweka gia huru, ile tunayoiita point mort. Wanasema gari nalo linahitaji kupumua. Nimeyasikia hayo kwa miaka mingi mpaka nimeyaamini kama Baba Yetu. Nikasogeza gia kwenye N. Injini ikanyamaza. Nikangoja. Ikaendelea kunyamaza. Bwana harusi alichungulia langoni, akaona amani, akarudi kwenye sahani yake. Shangazi akanipigapiga bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nipate diploma, nami nikajiona fundi.

Nilichokuwa sijui, na ambacho fundi mmoja alinieleza baadaye huku akinicheka waziwazi, ni kwamba gari la namna ile likiwa kwenye N haliwezi kujaza betri yake. Linatumia tu. Ni sawa na kuchota maji kwenye pipa na bomba umelifunga mwenyewe. Na kazi kubwa inayochota haraka kuliko zote, ukiwa umesimama juani, ni klima.

Mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani kaka mkubwa, ndipo alipoanza kuomba. “Yaya, ongeza baridi, poda inayeyuka.” Nikaongeza mpaka mwisho. “Yaya, weka muziki, batu banatuangalia tu.” Nikaweka. “Yaya, telefone yangu inakufa, nipatie waya.” Nikampa waya. Nilimpa kila alichotaka na nikafurahi kumpa. Kuanzia kesho yake angekuwa anamwomba mtu mwingine, na hilo lilikuwa linaniuma wiki nzima ingawa sikumwambia mtu.

Akasema yule mama wa Kijapani. Alisema sentensi ndefu, kwa adabu, na taa ndogo ikawaka.

“Anasema nini?” shangazi akauliza.

Sikuwa na habari. “Anapongeza harusi.”

“Umuambie merci.”

Baada ya kitambo akasema tena, kwa haraka zaidi, na safari hii gari lilitoa mlio. “Na sasa?” “Bado anapongeza.” “Huyu mama iko na maneno mingi,” shangazi akasema, lakini aliinamisha kichwa kwa heshima kuelekea dashibodi. Kisha hewa ya klima ikawa vuguvugu. Kisha ikawa pumzi tu, kama ya mtu anayepuliza chai. Kisha hakuna. Muziki ukakatika katikati ya wimbo, na pembetatu nyekundu ikajitokeza kwenye kioo cha vipimo ikaniangalia.

Nilibonyeza kila kitu chenye umbo la kubonyezwa. Ile injini iliyokuwa inaamka bila kuitwa, sasa niliita, haikuamka. Gia yenyewe ikabaki palepale kwenye N. Nikamnong'oneza shangazi kwamba tumekwisha, tushushe madirisha kabla betri ndogo ya vioo nayo haijafa.

“Dirisha ikishuka,” akasema bila kusogeza midomo, akiwatabasamia watu wa nje, “tumeshindwa.”

Kwa hiyo tulikaa. Sijui kama umewahi kukaa ndani ya gari lililofungwa, Kolwezi, mwezi wa Oktoba, umevaa suti ya mitumba ya sufi iliyotoka nchi ya baridi. Jasho lilinitoka mpaka kwenye masikio. Kuku aliachama mdomo. Kilemba cha shangazi kilianza kuinama upande mmoja, taratibu, naye akainama nacho ili kionekane bado kimesimama. Kila wifi alipochungulia, shangazi alijikunyata na kujifunika kitenge kipya kama mwanamke anayesikia baridi. Nilianza kumchukia. Nilimpenda pia, lakini nilimchukia zaidi.

Nyuma, mdogo wangu alijisogeza mpaka dirisha la upande wa lango. Akaivua shela. Akaegemeza paji la uso kwenye kioo na kiganja kimoja kando yake, akafumba macho. Wanja ulikuwa unateremka mashavuni na poda imeshuka mpaka shingoni. Niliogopa kwa kweli. Nikanyoosha mkono nifungue mlango, shangazi akaudaka.

“Kidogo tu,” akasema.

“Shangazi, atazimia!”

“Kidogo tu, baba.” Na sauti yake haikuwa tena ya mtu anayeshinda. Alikuwa ananiomba.

Basi nikageukia lango, nikaona kiti cha plastiki kinaanguka. Mama mkwe alikuwa amesimama. Alimwangalia yule msichana kwenye kioo, akashuka ngazi za baraza, kiatu kimoja cha dhahabu kikabaki kwenye ngazi, akavuka uwanja, akavuka lango, akaingia barabarani na mguu mmoja peku juu ya vumbi la moto. Akalipiga dirisha letu kwa kiganja mpaka kuku akaruka.

“Mufungue! Munataka kuniulia mutoto? Mutoto yangu iko nakufa na joto, na ninyi munakaa tu munaangalia!”

Shangazi akashusha dirisha lake kiasi kilekile cha kitenge. “Umesema mutoto ya nani?”

“Yangu! Fungua!”

“Ya nani?”

“Yangu, mama! Mutoto yangu! Una masikio?”

“Minayo,” shangazi akasema, akafungua kufuli. “Mukamate.”

Yule mama akafungua mlango mwenyewe, akamshika mdogo wangu mkono, akamtoa nje na gauni lake lote na karanga zikamwagika. Pale pale barabarani akachukua pindo la kitenge chake cha sherehe akampangusa uso, mashavu, shingo, akipuliza na kufoka kwa pamoja, anatufokea sisi, anawafokea binti zake, anamfokea mwanawe kwamba alikuwa anakula wakati mkewe anaiva. Alipomaliza, pindo lile lilikuwa jeusi kama la mtu aliyeshinda kwenye makala. Hakulitazama hata mara moja. Wifi mkubwa akawafungulia mwavuli, wakaingia wameshikana mikono chini yake, mmoja anachechemea kwa kiatu kimoja.

Shangazi alikuwa analia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tulipomzika mama. “Angeliona,” akasema, “wii, angeliona.” Akajifuta kwa kitenge kipya, akavuta pumzi, kisha akaniambia kwamba aliniambia tangu mwanzo gari hili si gari.

Lakini hakushuka. Magari ya wageni yalikuwa yamejipanga nyuma yetu yanapiga honi, na letu limeziba lango. Bwana harusi akaja na wajomba zake kuomba tulisukume, na shangazi akasema walisukume tu, yeye mbona bado hajabembelezwa na mtu. Hivyo ndivyo alivyoingia kwa wakwe: ameketi mbele, kilemba amekinyoosha, kuku mapajani, na wajomba sita wa ukoo wa mahindi wakisukuma kwa suti zao. Nami nashika usukani kwa maringo, maana nilikuwa kwenye N, na kwa kusukumwa hakuna gia nzuri kuliko hiyo.

Jua lilipopoa, mdogo wangu alitoroka meza kuu akaja pale gari lilipoachwa chini ya ukuta, ameniletea sahani ya bukari, ugali wa kwetu, na sombe. Alikuwa ameoshwa uso na kubadilishwa nguo. Nikaanza kumwomba msamaha juu ya betri, juu ya poda, juu ya joto lote lile. Akacheka, akaegemea mlango.

“Mi niliona, yaya.”

“Uliona nini?”

Akanionyesha ile skrini ya katikati, ambapo huwa kuna picha ndogo ya betri yenye vijiti. Kutoka kiti cha nyuma, akasema, ilikuwa inaonekana vizuri. Aliona vijiti vinapungua, kimoja baada ya kingine, tangu nilipogusa ile N yangu.

“Na ukanyamaza?”

“Sikunyamaza. Njo maana niliomba baridi, na muziki, na waya. Ilikuwa inakawia kwisha.”

Akaniambia kwamba siku moja sokoni, kabla hawajafahamiana sana, alimwona mama mkwe amesimama juani kichwa wazi, kwa sababu mwavuli wake ameufungua juu ya mbuzi wa kuuzwa, mbuzi ambaye hata si wake. “Ile mama ni kinywa tu, yaya. Mbuzi anamuonea huruma, mi ataniacha?” Akachukua karanga moja iliyobaki kwenye kiti akaitafuna. “Tantine hangeshuka. Na ule mama hangetoka. Na mi nilitaka kuingia.”

Mimi nilidhani nampeleka mtoto. Nilikuwa nimeketi mbele yake mchana kutwa, nimeshika usukani wa gari lisilokwenda, na dereva alikuwa nyuma.

Ile sauti ndefu ikaita kutoka barazani. “Mutoto yangu! Iko wapi mutoto yangu?”

“Mama!” mdogo wangu akaitikia, na alivyoitikia nilikuwa sijasikia tangu stesheni ya Mutshatsha, tulipokuwa tunatoka shule. Akaniachia sahani, akakimbia. Nikakaa ndani ya gari langu lililokufa, nikalia kidogo, nikala. Sombe yao ilikuwa tamu kuliko ya shangazi, na hilo shangazi sijamwambia mpaka leo.